Mwaloni Uliokataliwa

Kiwandani walipitisha kigunduzi juu ya gogo,
kikalia kama kifaranga.
"Lina chuma. Nendeni nalo mkaote moto."
Huku Kurzeme mti wowote wenye umri wa mama yangu
umemeza vita, na wenye misumeno wanajua.

Guntis akasema: kuni.
Mama, miaka themanini na minne, akasema: mbao.
Akarudi jikoni, shauri limekwisha.

Basi nikaingia ghalani.
Kitanda alichonizalia kilikuwa kimeegemea ukuta,
hakina springi, kuku wanakitumia.
Nikakikata pembe zake nne za chuma.
Usukani wa baiskeli ya Guntis ukawa mpini,
ngazi ya alumini ikawa reli ya kuongozea,
nati na bolti zikatoka kwenye trekta la marehemu shangazi.

Alvils akaja na mashine ya kuchomelea.
Hakuuliza ila neno moja: "Ubao unene gani?"
Sentimita tano, nikamwambia.
Akapima kwa vidole.
Viwili havipo tangu mwaka wa mafuriko,
nikamletea rula.

Wanasema msumeno hukata mbele na nyuma.
Huu wa mnyororo unakwenda upande mmoja tu,
tena kwa kelele, tena unakunywa petroli.
Ubao wa kwanza ulitoka na mawimbi,
mwandiko wa mlevi.
Kukata ni jambo moja, kupasua ni jingine:
jino la kuangushia mti halijui kwenda na nyuzi zake.
Nikakaa na tupa hadi usiku,
jino baada ya jino, nikipunguza ukali wa pembe,
unga wa chuma ukinijaa kwenye mistari ya viganja.

Ubao wa pili, sawa.
Wa tatu, cheche.

Tukazima. Guntis akachokoa kwa patasi
kikatoka kipande, kikubwa kama jino la farasi,
na kukizunguka mti ulikuwa umegeuka wino,
buluu nzito, imesambaa shubiri nzima.
Akaanza kuhesabu pete, kutoka kwenye chuma hadi gome,
midomo ikicheza, akakosea, akarudia.
Themanini.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kandambili zake,
vumbi la mbao limemfika kwenye nyusi.
Akaweka kidole kwenye lile doa.
"Kumbe kiliingia hapa," akasema.
"Mimi nilikuwa upande wa pili."

Hakuongeza kitu. Akauliza kama tunataka chai.

Mnyororo ule haukufaa tena, na wa akiba ulikuwa mmoja.
Nilipoufungua kwenye karatasi yake
nikasikia nyuma yangu kwaru, kwaru:
Guntis, aliyesema kuni,
amekaa juu ya ndoo na tupa yangu,
ananoa ule uliovunjika meno,
akiruka mapengo.