Ratiba ya Mshtarii

Walipoifunga stesheni yetu, reli ikaachiwa nyasi,
nilirudisha funguo, bendera mbili na filimbi.
Taa ya mkono sikuirudisha. Hakuna aliyeiulizia.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtu wa kutazama chini:
mataruma, kokoto, grisi,
ncha za buti za serikali.
Juu kulikuwa na nini? Nyaya, na mvua.

Zsombor wa jirani ndiye aliyenichokoza.
"Bibi Etelka, ile pale juu ya ghala,
mbona haikonyezi kama zenzake?"
Sikuwa na jibu, nami sipendi kukosa jibu
kwa kitu chochote kinachowaka.

Nikaenda Debrecen kuulizia darubini.
Muuzaji akanitajia bei. Nikamwambia asante,
nikapanda basi la saa nane, nikarudi.
Kabatini mlikuwa na ile ya macho mawili
ambayo kaka yangu Lőrinc alihesabia korongo kila Oktoba;
lenzi ya kushoto ina ukungu pembeni.
Nikasema itanitosha. Imenitosha.

Usiku wa kwanza niliona giza,
na giza lenyewe sikuliona vizuri.
Macho yangu yalikuwa bado jikoni, chini ya balbu.
Sasa najua: macho ni kama abiria wazee,
hushuka ngazi moja moja.
Wape nusu saa. Usiwapigie filimbi.

Taa nikaivalisha kile kioo chake chekundu.
Zamani wekundu ule ulisema *simama*.
Sasa unasema *soma ramani yako taratibu,
giza lisishtuke*.

Ukitaka kuanza, anza na unachokijua.
Mimi nilianza na Mkokoteni wa Göncöl,
ambao mama alinionyesha mara moja tu, tukitoka kukamua.
Nikafuata magurudumu yake ya nyuma, nikapima mara tano,
nikaikuta ile ya kaskazini imekaa mahali pake
kama mkuu wa stesheni asiyependa likizo.
Kilimia, ambacho sisi twakiita Kuku na Vifaranga:
kwa macho nilihesabu sita.
Kwa darubini niliacha kuhesabu.

Kisha ile ya Zsombor.
Mikono ilinitetemeka, nuru ikachora mikia ya panzi,
mpaka nilipoegemea mlingoti wa ishara,
baridi ya chuma ikipenya koti, pumzi nimeibana.
Mshtarii. Duara dogo, jeupe, tulivu.
Na kando yake, kwenye mstari mmoja ulionyooka,
vidoa vinne.

Nilikuwa na daftari la treni, nusu lake halijaandikwa.
Nikachora duara na nukta nne. Saa, dakika.
Kesho yake: nukta tatu.
Nikafuta lenzi. Nikafuta miwani. Nikaulaumu umri.
Kwenye safu ya *sababu* nikaandika: *mmoja hakufika.*

Usiku wa tatu, mawingu.
Wa nne, mawingu, na supu iliyoungua.
Siku tisa mbwa wa jirani alibweka chini ya dari la pamba,
na mimi nikitoka, nikirudi, nikitoka,
kama zamani tulipongoja treni ya mizigo
ambayo kila stesheni ilidai imeshapita kwake.

Wa kumi na tatu, anga likapasuka.
Nne.
Mmoja ulikuwa umeng'ang'ania kando ya duara
kama aliyetoka mbio, anahema.
Nikakaa chini kwenye jukwaa lenye barafu, nikacheka peke yangu.
Mwezi ule haukupotea. Haukuchelewa hata.
Ulikuwa nyuma ya Mshtarii, kwenye zamu yake,
na mimi, mimi wa reli, sikufikiri hilo!

Korongo walipita juu, sikuwaona,
nilisikia sauti zao tu zikielekea kusini.
Nikawasha wekundu wangu, nikafungua daftari,
nikaikata ile *mmoja hakufika* kwa mstari mmoja,
na juu yake, kwa vidole visivyokunjika,
nikaandika: *handaki.*