Ufunguo Uko Uvira

Miaka mitatu nilisomea mti nikiwa nimekaa.
Profesa Bashige alichora tawi kwa chaki,
kata chini, kata juu, malizia karibu na shina,
akafuta kwa kiganja, akasema: "Ni hivyo tu."
Tulikuwa sitini na wawili, na msumeno mmoja
ndani ya kabati. Ufunguo kwa katibu,
katibu safarini Uvira.

Nikapata kumi na saba juu ya ishirini.
Mama aliivika diploma nailoni
isiloweshwe na mvua ya Kadutu,
ile isiyobisha hodi kwenye bati.

Jumatatu, Nguba, uani kwa mjane wa wakili,
mkalitusi umeinamia paa na waya za umeme.
Birindwa, aliyeishia darasa la nne,
akanirushia kamba yenye harufu ya mbuzi,
kamba iliyozoea mikono mingine.
"Haya, injinia. Panda."

Mita sita, Kilatini chote kikanitoka.
Upepo wa Kivu ukaja,
upepo ambao hatukuulizwa kwenye mtihani,
shina likayumba nami nikalikumbatia
kama mtoto anayekataa sindano.
Chini walicheka. Hata mjane, na kikombe chake.
Usiku ule kijiko kilinishinda kushika,
na unga wa mbao nikautema hadi Jumatano.

Hakuna aliyeniambia
kwamba kabla ya kukata unamuuliza jirani
watoto wake wanachezea wapi.

Wiki ya tatu, Muhumba, mgrivilea mnene.
Birindwa amekwisha kujifunga mkanda
ndipo nikaona, shinani, ndani ya nyasi,
masikio ya kahawia yamebandikwa kwenye gome.
Nikagonga kwa mpini wa panga.
Mti ukajibu kama pipa.
"Usipande," nikasema, sauti ikinikwama.

"Nimepanda miti kabla hujaota meno."
Lakini akagonga mwenyewe. Mara moja.
Akagonga tena, sikio kwenye gome,
kama mtu anayesikiliza mlango wa mdeni.
Akafungua mkanda.

Tuliuvuta kwa kamba, kutoka juu ya ukuta,
nao ulipolala ulipasuka: ndani patupu,
pangetosha kuku na vifaranga vyake.

Asante hakusema. Mchana, kwenye bugali,
alinisukumia sambaza zilizobaki sahanini.
"Ule uyoga, unaitwaje?"
"Ganoderma."
"Ganondema," akasema, akautafuna
pamoja na pilipili.

Kesho atanifundisha fundo moja
alilofundishwa na baba yake kule Walungu,
fundo lisilo na jina.
Nilitaka kumwandikia Profesa, nimweleze.
Nikasikia wa mwaka huu ni themanini darasani,
kabati limepakwa rangi mpya,
na ufunguo bado uko Uvira.