Maji ya Rangi ya Chai

Novemba, Tartu. Saa tisa alasiri giza limeshaketi.
Kichwa cha tasnifu yangu kilikuwa na maneno ishirini na moja,
na kila neno limevaa tai:
nchi tatu, karne mbili,
misitu, siasa, hali ya hewa na roho ya mwanadamu.

Daktari Vahtra alikisoma akiwa wima, koti mkononi.
"Hii si mada, ni bara," akasema,
"nami nina treni ya saa kumi."

Profesa wa pili nilimwandikia barua pepe saba.
Ya nane ilijibiwa na mashine:
yuko likizoni hadi Januari, tafadhali usijibu ujumbe huu.
Sikuujibu.

Mtaka cha uvunguni huinama, nami niliinama kweli,
ngazi kumi na nne hadi chini ya jengo la jiografia,
mabomba ya joto yakikoroma,
kwa Helve Saarmann, asiyetajwa katika mabango ya makongamano.
Alikuwa akipima udongo kwa kijiko cha uji.
Karatasi yangu aliikunja mara nne,
akaitia chini ya mguu wa meza iliyoyumba.
"Niambie kinachokukera.
Kinachokupendeza kaa nacho."

Nikanyamaza. Halafu yakanitoka:
kisima cha bibi yangu, Võrumaa,
kwamba tangu mfereji uchimbwe kinamasini
maji yanatoka na rangi ya chai
kabla majani hayajatiwa,
na bibi huyanywa, husema ni mazoea,
nami humshukuru, nikaomba kikombe cha pili.

Akaweka kijiko chini.
"Mfereji mmoja?"
Mmoja.
"Kisima kimoja?"
Kimoja.
"Hapo pana miaka mitatu. Ila jua, kabla hujafurahi:
nasoma polepole, nasahihisha kwa penseli.
Wanafunzi wangu wawili wa mwisho, mmoja aliniacha,
wa pili nilimwacha mimi, na nilikosea."

Usiku ule niliyavua maneno tai, moja moja.
Karne zikaenda. Nchi zikaenda.
Roho ya mwanadamu ilisitasita kizingitini;
niliifungulia mlango mwenyewe.
Yakabaki matano, na mojawapo ni kisima.

Jumamosi, basi la kusini.
Chupa kumi na mbili zinagongana mkobani
kila tukipita shimo.
Mzee wa kiti cha mbele ageuka, macho yamemng'aa.
Namfungulia aone: tupu zote.
Arudi kutazama theluji, kama niliyemdhulumu.