Nati Kumi, Kiazi Kimoja

Gurudumu la nyuma lilikata roho karibu na Talin,
saa nane za usiku, Oktoba,
nikiwa na tani nne za viazi vya Gyumri
na jeki inayopanda ikitaka yenyewe.
Nikafungua nati zote kumi, nikazitia mfukoni.
Ndipo gizani, katika shamba lililokwisha vunwa,
nikasikia sauti ya kike:
"Mbili. Tatu. Tatu na nusu.
Sifuri, yenye mkia."

Mimi si mwoga, ila spana niliishika kwa mikono miwili.

Alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha kukunja,
bibi kizee, kafunikwa hadi kidevuni kama barua ndani ya bahasha,
kinasa sauti kifuani, tochi imevishwa kitambaa chekundu.
"Zima taa za lori," alisema, kabla ya salamu.
"Umeniua macho. Nitayangoja dakika ishirini."

Jina lake Zaruhi. Alikuwa karani wa hesabu
katika kiwanda cha soksi ambacho leo ni ukuta mmoja.
"Mwaka ule ardhi ilipotutikisa
tulilala nje, nani angeamini dari?
Nilihitaji kitu cha kuhesabu ambacho si watu."

Tangu hapo kila Oktoba huja hapa,
Jabari akishapanda na rungu lake,
huandika: kumi na nane kwa saa. Ishirini na mbili.
Kumi na tisa, mawingu.
Miaka thelathini ya tarakimu zenye adabu.

"Na leo?"

Kimondo kilipita, chembamba, cha kijani,
kikaacha mstari wa moshi uliokaa mpaka nikameza mate.
Kisha viwili sambamba. Kisha kimoja kikubwa
kilichonionyesha mikono yangu, grisi na yote.
"Leo sijiamini," alisema. "Nina mtoto wa jicho, la kushoto.
Huenda ndiye anayecheza."

Akanituma upande wa pili wa lori
nisije nikasikia hesabu yake.
Kalamu sina. Nati ninazo.
Kila kimondo, nati moja ihame mfuko;
mfuko ukiisha, kiazi kimoja chini kwenye nyasi,
nianze tena kurudi.
Ndege ya abiria ilipita, sikuihesabu.
Kuna kilichomulika pembeni mwa jicho:
kidole kilishika nati, kikaiacha.
Nakiri nilitamani kumwongezea.
Mtu aliyelalia baridi miaka thelathini
hakosi kustahili viwili vitatu vya bure.
Lakini vilikuja vyenyewe, kwa pupa,
kama watoto waliosikia geti limefunguliwa,
na mikono ikakosa nafasi ya kudanganya.

Saa ilipotimia nikarudi na viazi sita, nati tatu.
Sitini na tatu.
Yeye alikuwa na hamsini na tisa.

Nilidhani atalia. Alipuliza vidole, akafungua daftari:
*59. Shahidi: 63. Anga safi.*
Akauliza jina langu herufi kwa herufi.
*Mkhitar*, akaandika. *Dereva. Hakulala.*

"Ni nini hasa, vyote hivi?"
"Vumbi. Nyotamkia ililimwaga njiani
kabla babu wa babu yako hajabatizwa.
Kuna mahali lilirundikana. Leo tumepita hapo."
Aliposema *tumepita* nilikanyaga breki, na nilikuwa nimesimama.

Viazi sita aliondoka navyo kwenye koti. Ushahidi, alisema.

Kulipopambazuka nikafunga gurudumu.
Nati tisa.
Nilipapasa nyasi, mifuko, matairi. Haipo.
Nikaendesha hadi Yerevan nikipiga hesabu kwa sauti:
kama ilidondoka mwanzoni, kila kiazi ni tisa,
na vimondo vyangu ni hamsini na saba.

Hilo lilininyima usingizi wiki nzima. Nikamwandikia barua.
Alijibu kwa kadi, mstari mmoja, mwandiko wa karani:

*Ilidondoka kwenye kiazi cha ngapi?*