Iache Inyeshe

Prosesa imekuja ndani ya kiboksi kama cha pete,
kadi ya picha ndani ya boksi kama la keki ya harusi.
Rial mia tisa na arubaini: nusu taslimu,
nusu nimemwambia Shaji wa Ruwi, mshahara ukitoka.

Mabela, Julai, saa nne za usiku,
ukuta wa nje bado unachoma kiganja.
Nimeilaza kompyuta juu ya meza ya kulia,
skrubu nimezitia kwenye finjani ya kahawa.

Mama anatoka chumbani. Wiki ya tatu
tangu daktari amtoe mtoto wa jicho,
amtie kioo chembamba kuliko gamba la kitunguu.
Tangu hapo nyumba hii haina raha:
ameona utando wa buibui wa miaka minne,
ameona mvi zangu, ameona doa la chai
kwenye kanzu niliyoendea harusi ya Thuraya.
Sasa anachungulia ndani ya mashine.
"Mundhir, vumbi hili la wapi?"
"La jangwani, mama."
"Jangwa lina adabu, hukaa nje."

Naing'oa prosesa ya zamani. Miaka sita
imefikiri kwa niaba yangu,
gundi mgongoni imekauka kama ukoko wa uji.
Naishusha mpya, pembe yenye alama kwa pembe yenye alama,
bila kusukuma, kama unavyomlaza mtoto
ambaye ndiyo kwanza amesinzia.
Dawa ya kupitisha joto, kiasi gani?
"Punje ya dengu," nasema.
"Kavu au iliyorowekwa?"
Hakuna fundi aliyewahi kunijibu hilo.

Kadi ndiyo iliyoleta fitina: ndefu kwa vidole viwili.
Natoa kizimba cha diski, najikata,
natukana kimoyomoyo kwa Kiarabu,
naomba msamaha kwa Kiswahili.
Juu ya ubao ambao mafundi huuita mama
mama ananimulikia kwa simu,
jicho moja kalifumba,
lile jipya kalikaza.
Tak.

Nawasha. Giza. Nawasha tena. Giza.
"Waya ule," anasema, "unaning'inia."
Kweli. Umeme wa kadi nimeusahau,
kama mtu aliyevaa koti na viatu, akaacha suruali.

Kisha feni zikavuma, skrini ikapambazuka,
nikaingia moja kwa moja vitani,
mchezo ulionitia deni lote hili,
kila kitu nimekipandisha hadi mwisho:
msitu, matope, maadui watatu nyuma ya gogo.
Na mvua.
Kwenye kadi ya zamani ilikuwa mistari ya kijivu.
Sasa kila tone lina mwanga wake,
linateleza juu ya jani, linasita nchani,
linaanguka, na dimbwi linatikisa mawingu.

Mama amevuta kiti.
"Usimpige mtu. Simama hapo hapo."
"Wataniua, mama."
"Utafufuka. Nimekuona ukifufuka mara ngapi?
Iache inyeshe."

Nikaondoa vidole. Risasi ya kwanza, ya pili,
nikaanguka chali, na skrini nzima
ikawa kule mvua inakotoka.

Nje nyuzi thelathini na tisa. Bili itakuja,
Shaji atapiga simu.
Mama ameweka kiganja nyuma ya mashine,
kwenye pumzi ya moto inayotoka.
"Kumbe," anasema, "ndivyo inavyopikwa."