Milimita Kumi

Usiku wa kuamkia mashindano, huko Kielce,
theluji ikiparuza vioo vya ukumbi,
nilipiga magoti mbele ya meza tisa za biliadi
nikazibana midomo.
Raba, gundi, nyundo. Raba tena.
Jana mipira miwili ilipita mfukoni bega kwa bega;
sasa mmoja unapita,
wa pili unakwama kama mtu na godoro mlangoni.

Mwenye ukumbi, Bwana Korzec, ndiye aliyetaka.
“Bana,” alisema, “tuone nani stadi, nani hubebwa na bahati.”

Asubuhi Witek alipiga kwa nguvu zote za miaka kumi na tisa.
Mpira uliingia kinywani, ukagonga taya hili, taya lile,
ukatemwa kama kokwa.
Hakuitazama fimbo yake. Alinitazama mimi.

Olgierd, daktari wa meno,
amezoea midomo inayokataa kufunguka.
Hapigi; anasukuma, polepole,
na asipouona mfuko wote
anauficha mpira mweupe nyuma ya mwingine, anakwenda kunywa chai.
Mchezo mmoja, dakika arobaini.
Alishinda. Tulimpigia makofi ya adabu.

Lakini Jagna.
Jagna hakuwahi kuhitaji huruma ya mfuko mpana.
Alihitaji upana wenyewe: autie mpira ubavuni mwa mfuko
ili mweupe uchepuke kwa pembe yake, uzunguke kingo tatu,
usimame pale alipokwisha kuusubiri.
Upenyo ule tulioudhani ni kimbilio la wakosaji
kwake ulikuwa njia.

Alikosa mara tatu. Akapaka chaki, akapuliza,
akapaka tena palipokwisha kupakwa.
Mara ya nne alipiga katikati, katikati kabisa,
mpira ukashuka bila kugusa chochote;
tuliusikia tu ulipofika chini.
Watu wakaguna kwa raha.
Mweupe ulikwenda mahali mfuko ulipotaka.

Aliponipita akielekea kuchukua koti
alisema, wala si kwa hasira,
“Fundi, leo nimecheza kama Olgierd.”

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, mfuko wa suruali,
ukibinyabinya kipande cha raba kilichosalia.
Milimita kumi. Nilizipima mara mbili.