Nusu Saa Bila Kutikisika

Mtu wao wa kuchorwa hakufika, simu yake imezimwa,
na mimi nilikuwa mlangoni na ufagio wangu.
Mwalimu Kidiavai akaniangalia
kama aliyeokota noti katika koti la mwaka jana.
"Mama Aloo, panda hapa. Keti. Usifanye kitu."

Usifanye kitu!
Tangu nizaliwe pale Nyalenda
sijaambiwa hivyo na mtu anayelipa.

Nikapanda juu ya meza, nikakalia stuli,
mkono wa kushoto gotini, kidevu dirishani,
na watoto kumi na wanane wa mwaka wa pili
wakanikodolea macho pasi na haya,
wakifumba jicho moja, wakinyoosha penseli
kama mafundi wanaopima ukuta uliopinda.

Dakika tano za mwanzo ni mchezo.
Ya kumi, pua inawasha.
Ya kumi na tano, mguu unakwenda zake, unaniacha.
Ya ishirini mabati yakaanza kulia,
mvua ya alasiri ikipanda kutoka ziwani,
nikakumbuka nguo zangu kwenye kamba.
Nikaziacha zilowe.

Makaa yalikwaruza karatasi
kama kuku wakichakura uani.

Kuna mmoja, Nasipwondi, wa kutoka Chwele,
baba yake alimtaka asome sheria.
Huyu anafuta kuliko anavyochora.
Nilimjua kwa takataka zake kabla ya jina:
chini ya kiunzi chake, kila jioni, makombo ya mkate,
meusi kama chungu.
Mkate! Nilinuna wiki nzima. Nikasema hawa
hawajawahi kulala njaa.
Kumbe ndani laini anafutia makaa,
maganda anakula. Ndicho chakula chake cha mchana.

"Pumzika, mama," mwalimu akasema.
Nikashuka nachechemea, nikazunguka kujitafuta.

Kwa mmoja nilikuwa chifu.
Kwa mwingine sina miguu, karatasi ilimwishia.
Kijana wa Ahero alinipunguzia miaka ishirini;
huyo nilimpenda.
Kwa Nasipwondi hapakuwa na mtu.
Palikuwa na mkono.
Huu. Wa kushoto. Na lile baka
la mafuta ya mandazi, Kondele,
mwaka ule baba Aloo alipokwenda kununua mkaa
na bado anaununua.
Hakulichora kovu. Aliliacha karatasi tupu,
akaweka giza pembeni, giza juu ya giza,
mpaka likang'aa kama ngozi yenyewe.

Nilisimama hapo muda mrefu.
Hakuna aliyenilipa kwa huo.

Mwalimu naye akafika, kalamu nyekundu sikioni.
"Nilisema mwili mzima. Bega liko wapi?"
Nikaligusa bega langu. Lipo.
Akampa arubaini na mbili.

Baadaye, sinkini, akiosha vidole
maji yakienda kijivu, msichana akaniambia
baba amepiga tena. Amesema:
digrii ya kuchora? Hata wa nasari wanachora.
"Mama Aloo, kweli hii ni kazi?"

Ningemwambia nini mimi, wa cheti cha darasa la saba?
Mgongo ulikuwa unaniuma
kuliko siku ninazofagia ghorofa tatu na ngazi zake.
Nikamwambia hivyo tu: mgongo unauma.
Akacheka, akasahau kufunga bomba.
Nikalifunga.

Usiku, nikisonga ugali, nilijikuta nimesimama,
mwiko juu, nautazama mkono
mpaka Aloo akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Jumatatu nilibeba mikate miwili.
Mmoja nikauweka kwenye kiunzi, mmoja kwenye mkoba wake.
"Wa kufuta. Wa kula. Usivichanganye."
Kisha nikapanda mezani, nikaweka kidevu dirishani,
na kabla sijaganda nikamrushia neno kwa pembe ya mdomo:
"Na leo, bega."